Injini Ilizima, Lakini Kwa Nini Jairopleni Ilipinduka?

Taarifa ya kawaida ya ajali ya jairopleni, chombo kidogo cha angani chenye mapanga juu kama helikopta, huwa fupi. Injini ilizima angani, rubani akatafuta mahali palipo wazi, akatua kwa dharura, chombo kikapinduka, watu wakatoka na majeraha. Anayesoma huona kisa kimejieleza chenyewe: injini imekufa, chombo kimeanguka, basi.

Fundo liko hapo hapo. Kuzima kwa injini kunaeleza kwa nini rubani alitua mahali ambapo hakupanga kutua. Hakuelezi kwa nini kutua huko kuligeuka ajali. Jairopleni ilibuniwa tangu mwanzo ili iweze kushuka salama bila msaada wa injini, kwa hiyo maswali haya mawili hayana budi kutenganishwa. Mchunguzi akijibu la kwanza tu amefanya nusu ya kazi, na kwa maoni yangu ni ile nusu nyepesi.

Rota isiyoitegemea injini

Kwa mbali jairopleni hufanana na helikopta ndogo. Ina rota juu, yaani mapanga marefu yanayozunguka, mara nyingi mawili, na kiti kimoja au viwili chini yake. Tofauti ni kinachoyazungusha mapanga hayo. Katika helikopta, injini huizungusha rota, na rota huvuta hewa kutoka juu na kuisukuma chini. Katika jairopleni, injini huzungusha propela tu, ambayo kwenye vyombo vingi vya leo iko nyuma ya viti na kazi yake ni kukisukuma chombo mbele. Rota imeinamia nyuma kidogo. Hewa huipiga kutoka chini, hupenya kati ya mapanga na kutokea juu, nayo huzunguka. Kabla ya kuruka rubani huianzishia mzunguko kwa nguvu ya injini, lakini kiungo hicho huachiliwa chombo kikiwa bado ardhini.

Linalowatatiza wengi ni namna hewa inayotoka chini inavyoweza kulivuta panga lisonge mbele badala ya kulisukuma lirudi nyuma. Jibu liko kwenye pembe. Katika sehemu ya kati ya panga, hewa hufika ikiwa imeinuka vya kutosha hivi kwamba nguvu ya kuinua huelemea mbele kidogo, nayo hulivuta panga. Karibu na ncha, panga huenda kasi mno, pembe hiyo hupungua na ukinzani hushinda. Karibu na shina, panga huenda polepole na karibu halisaidii kitu. Vuta nikuvute hiyo hutulia kwenye mwendo fulani, ambao kwa vyombo vidogo huwa kati ya mizunguko 300 na 400 kwa dakika. Hakuna anayekanyaga mafuta kuudumisha. Uzito ukiongezeka juu ya rota, inazunguka haraka zaidi. Uzito ukipungua, inapoa, yaani mzunguko wake unashuka. Sentensi hii ya mwisho tutairudia.

Wazo hili ni la Juan de la Cierva, mhandisi wa Uhispania. Mwaka 1919 ndege yake kubwa ya injini tatu ilianguka baada ya kupoteza kasi karibu na ardhi, naye akaanza kutafuta bawa litakaloendelea kukata hewa hata kama chombo chenyewe kimepunguza mwendo. Majaribio yake ya mwanzo yalikuwa yakilala ubavu, kwa sababu panga linaloelekea mbele hupata hewa yenye kasi kuliko lile linalorudi nyuma. Alipoweka bawaba kwenye mashina ya mapanga ili yaweze kupanda na kushuka yenyewe, pande mbili zikalingana, na mwaka 1923 chombo chake cha C.4 kikaruka. Mwaka 1928 alivuka mlango wa bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa kwa jairopleni. Alikufa mwaka 1936 akiwa abiria wa ndege ya kawaida, iliyopata ajali ikipaa kwenye ukungu huko Croydon.

Sekunde ishirini

Tuchukue mfano wa kubuni, tuufuate hadi mwisho. Jairopleni ya viti viwili iko mita 150 juu ya mashamba, ikienda kilomita 90 kwa saa. Injini inazima.

Rubani wa helikopta angekuwa na muda mfupi sana wa kubadilisha pembe ya mapanga kabla rota haijapoteza mzunguko. Rubani wa jairopleni hana kazi hiyo. Hewa ilikuwa ikiingia kutoka chini, na bado inaingia kutoka chini. Pua inaweza kuinuka au kushuka kidogo, kutegemea propela ilikuwa ikisukuma juu au chini ya kitovu cha uzito. Mkia pia unaweza kuyumba, kwa kuwa upepo wa propela uliokuwa ukiupiga usukani wa nyuma umekatika. Hayo yakisharekebishwa, chombo kinashuka kwa utulivu.

Kinashuka kwa utulivu, lakini kwa haraka. Ndege ndogo ya mafunzo inaweza kuteleza umbali wa mara tisa hivi ya kimo chake. Jairopleni huenda mara tatu au nne tu. Tukisema inapoteza mita 7 kila sekunde, mita 150 zinaisha ndani ya sekunde 21, na kwa muda huo imesonga mbele mita mia tano na kidogo. Kila kona inakula sehemu ya hizo. Sekunde za mwanzo nazo huliwa na mshangao, na nyingine na jaribio la kuiwasha injini upya. Hesabu hii ndiyo ya kwanza ambayo mchunguzi hufanya, kwa sababu inamwonyesha ni mashamba yapi yalikuwa yanafikika kweli na yapi yanaonekana kufikika tu leo, yeye akiwa amesimama chini na ramani mkononi.

Kwenye mita chache za mwisho, rubani huvuta fimbo ya kuongozea nyuma taratibu. Rota huinama zaidi, hewa nyingi zaidi huipiga, mzunguko wake hupanda, na mwendo wa mbele hugeuka kuwa nguvu ya kuinua. Chombo kikifanyiwa hivyo vizuri hukaa chini kikiwa na mwendo mdogo sana. Lakini mwendo wa kugeuzwa lazima uwepo. Kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde, na nishati ya mwendo huo ni sawa na ya kitu kilichoanguka kutoka mita 32 hivi. Hiyo ndiyo akiba ya rubani.

Akiitumia mapema, ameingia mtegoni. Jairopleni inaweza kushuka wima bila mwendo wa mbele, rota ikiendelea kuzunguka, na jambo hili limewafanya watu wengi waamini kwamba chombo hiki hakianguki. Hakianguki kwa maana ya kupoteza nguvu ya kuinua kama bawa la kawaida. Ila kinachoshuka wima karibu na ardhi kinakuja kwa kasi kubwa na hakina cha kukipunguzia kasi hiyo. Kurudisha mita 25 kwa sekunde kunahitaji kuinamisha pua na kuuza kimo: mita 32 kwa hesabu tupu, na zaidi kwa uhalisia kwa kuwa rota ina ukinzani mwingi. Ndiyo maana kitabu cha chombo huwa na mchoro unaoonyesha vimo na kasi ambazo, injini ikizima hapo, kutua salama hakutarajiwi. Rubani anayeinua pua ili alifikie shamba zuri lililo mbele kidogo huingia kwenye mchoro huo mwenyewe, sekunde chache kabla ya kugusa ardhi.

Kosa la upande wa pili ni kusukuma fimbo mbele kwa nguvu, jambo ambalo mkono wa rubani wa ndege ya mabawa hufanya bila kufikiri. Hapa tunarudi kwenye ile sentensi: rota huzunguka kwa sababu imebeba uzito. Ukikisukuma chombo ghafla hadi watu wahisi wanaelea kwenye viti, uzito umeondoka juu ya rota, mzunguko unashuka, na mapanga yaliyopoa huanza kupiga juu na chini hata kuweza kuukata mkia. Na kama injini bado inasukuma kwa nguvu huku mstari wa msukumo wake ukipita juu ya kitovu cha uzito, chombo kinaweza kubiruka kwa mbele. Nchini Uingereza ajali za namna hii zilipelekea utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ambao ulionyesha kwamba umbali kati ya mstari wa msukumo na kitovu cha uzito ndio wenye athari kubwa katika uthabiti wa jairopleni. Matokeo yake yaliingia kwenye kanuni za usanifu: umbali huo usizidi sentimita 5 hivi, juu au chini.

Utasema injini iliyozima haisukumi kitu, basi hatari hiyo haihusiki na mfano wetu. Ni kweli, kama injini ilizima kwanza. Lakini injini nyingi za vyombo hivi zina kabureta za kuelea, yaani vichanganyio vya mafuta na hewa vinavyotegemea boya, na chombo kikipoteza uzito kwa ghafla mafuta huacha kufika inavyotakiwa, injini ikakohoa au kuzima. Kwa hiyo mtu aliyekuwa chini anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba aliisikia injini ikinyamaza kisha akakiona chombo kikianguka, na bado injini isiwe chanzo. Kupanga nini kilitangulia nini ni kazi ngumu zaidi ya uchunguzi huu wote.

Ardhi inavyosema

Kisheria mambo yanaanzia kwenye Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kinachosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho hicho kinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Kinaeleza pia ajali ni nini: mtu amekufa au kuumia vibaya, au chombo kimeharibika kiasi cha kuhitaji matengenezo makubwa, au kimepotea. Kuumia vibaya kuna vipimo vyake, mfano kulazwa hospitali kwa zaidi ya saa 48 au kuvunjika mfupa, isipokuwa mivunjiko midogo ya vidole au pua. Jairopleni iliyopinduka ikavunja rota inaweza basi kuwa ajali kamili hata kama waliokuwemo wametoka wakitembea.

Kwa vyombo vidogo, si kila mara timu hufika mahali pa tukio. Taasisi ya uchunguzi ya Uingereza, AAIB, hufanya chunguzi nyingi za aina hii kwa maandishi: rubani anajaza fomu, anatuma picha, anaulizwa maswali, na ripoti fupi inatolewa. Utaratibu huo una maana, kwani rasilimali ni chache. Una udhaifu wake pia. Rubani hukumbuka injini kunyamaza kuliko anavyokumbuka kasi aliyokuwa nayo mita kumi kutoka ardhini, na ripoti hufuata alichokikumbuka.

Wachunguzi wakifika, huanza na ardhi kabla ya kugusa chombo. Katika mfano wetu kuna alama ya magurudumu mawili ya nyuma kwenye nyasi ndefu, kisha ya gurudumu la mbele ikiwa imekaa mshazari, kisha mikato mirefu ya mapanga ya rota upande wa kulia, na chombo kimelala ubavu. Umbali kutoka mguso wa kwanza hadi mabaki unaeleza kasi kwa makadirio. Ule mshazari wa gurudumu la mbele unaeleza zaidi: kwenye jairopleni nyingi gurudumu hilo limeunganishwa na pedali, hivyo rubani aliyekuwa akikanyaga pedali kukinyoosha chombo hutua gurudumu likiwa limegeuka. Likishika ardhi laini, chombo hukata kona ambayo hakuna aliyeitaka.

Kisha wanatazama propela na rota, na hapa aliyezoea helikopta hana budi kuwa mwangalifu. Rota ya jairopleni hufika chini ikizunguka, injini ikiwa hai au imekufa, kwa hiyo kuvunjika kwa mapanga yake hakusemi lolote kuhusu injini. Kinachosema ni propela. Iliyokuwa ikizunguka kwa nguvu huvunjika mapanga yote kwa namna inayofanana. Iliyosimama huumia panga moja au mawili na mengine kubaki mazima. Rota ina ushahidi wake: mapanga yaliyopinda kwenda juu huashiria mzunguko ulikuwa umeshuka kabla ya kugonga, na vipande vya mkia vikiokotwa mbali nyuma ya mabaki, au rangi ya mkia ikionekana kwenye panga, basi shida ilianzia angani. Kwenye mfano wetu mkia ni mzima, propela imevunjika panga moja. Injini ilikuwa imesimama, na chombo kilifika chini kikiwa kizima.

Shahidi anayeyeyuka

Injini inapelekwa karakana, inatiwa petroli safi, inawaka mara moja na kunguruma bila kasoro. Jambo hili hutokea mara nyingi kiasi kwamba halimshangazi mtu wa kazi hiyo, ingawa mwenye chombo huhisi kama amesalitiwa. Halimaanishi kwamba rubani amedanganya. Linapunguza tu orodha ya washukiwa hadi wale wasioacha alama: hewa iliyonaswa kwenye mirija ya mafuta yaliyopata joto, tundu la tangi lililoziba kwa muda, swichi iliyoguswa bila kukusudia, na barafu kwenye kabureta.

Barafu ndiyo inayowashangaza wasomaji. Mafuta yakigeuka mvuke na hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta, joto linaweza kushuka nyuzi 20 au zaidi. Hewa yenye unyevu mwingi ikiwa na nyuzi 20 tu nje, ndani ya kabureta maji huganda na kuziba njia, hasa injini ikiwa imepunguzwa nguvu. Kisha chombo kinatua, joto la injini linapanda hadi kwenye kabureta, na ndani ya dakika chache ushahidi wote ni unyevu usioonekana. Wachunguzi hawamkamati mshukiwa huyu. Wanapima mazingira yake. Huchukua joto na unyevu wa hewa kutoka kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, huviweka kwenye chati, na huandika kwamba hali iliruhusu barafu kubwa kuundwa. Neno "inawezekana" kwenye ripoti hapo halitokani na uvivu.

Pale ambapo chombo hakina kinasa data, simu za waliokuwemo hufanya kazi hiyo. Programu za ramani huhifadhi njia na mwendo, ila ni mwendo juu ya ardhi, si ndani ya hewa. Simu inayoonyesha kilomita 90 kwa saa wakati upepo wa kilomita 20 unasukuma kutoka nyuma inamaanisha rota ilikuwa ikipata 70. Kwa rubani anayeitazama ardhi ikikimbia chini yake, 90 inaonekana ya kutosha.

Sauti ya video ina thamani zaidi, na binafsi naiona kuwa sehemu tamu kuliko zote. Injini ya Rotax 912, inayotumika sana kwenye vyombo hivi, huzungusha propela kupitia gia ya uwiano unaofikia 2.43 kwa 1. Ikienda mizunguko 5,000 kwa dakika, propela yenye gia hiyo huenda 2,058 hivi, yaani mizunguko 34 kwa sekunde. Ikiwa na mapanga matatu hupiga hewa mara 103 kwa sekunde. Rota ya mapanga mawili ikienda 360 kwa dakika hupiga mara 12 kwa sekunde. Sikio huchanganya vyote kuwa kelele moja, lakini kompyuta huvitenganisha kuwa mistari miwili kwenye mchoro wa sauti. Mchunguzi anaweza kuuona mstari wa propela ukishuka na kukatika huku wa rota ukibaki palepale, na hapo lile swali la nini kilitangulia linapata jibu ambalo kumbukumbu ya mtu isingeweza kulitoa.

Sababu mbili kwenye ripoti moja

Katika mfano wetu, video ya abiria inaonyesha mstari wa rota ukiwa imara hadi mguso. Hali ya hewa inaelekeza kwenye barafu. Swali la kwanza limejibiwa kadiri linavyojibika. La pili linajibiwa na upepo.

Rubani alichagua shamba lililokuwa mbele yake, na upepo wa kilomita 20 kwa saa ulikuwa ukitoka nyuma. Tuseme aligusa chini akiwa na kilomita 30 kwa saa hewani. Angekuwa amekabili upepo, ardhini zingekuwa 10. Kwa kuwa ulimsukuma, zilikuwa 50. Nishati hufuata mraba wa kasi, kwa hiyo chombo kilifika na nishati mara 25 ya ile ambayo kingefika nayo upande mwingine. Nyasi ndefu zikayashika magurudumu, gurudumu la mbele likageuka, rota iliyokuwa bado inazunguka ikagonga ardhi, na pigo hilo likamaliza kukipindua chombo. Injini haikushiriki katika hatua yoyote kati ya hizo.

Je, huko ni kumlaumu rubani? Wengi hulisoma hivyo, na mawakili hupenda kulisoma hivyo, lakini ripoti iliyoandikwa vizuri haiishii kwenye "alitua upepo ukiwa nyuma". Inauliza kwa nini uamuzi huo ulionekana wa busara kwa mtu mwenye sekunde 21. Kugeuka nusu duara kungemlia kimo kiasi gani? Kulikuwa na moshi, bendera au maji ya kumwonyesha upepo? Mara ya mwisho alifanya zoezi hili lini, na wapi? Jibu la swali la mwisho mara nyingi huwa na manufaa kuliko mengine. Zoezi la injini kuzima hufanyika kwa kawaida juu ya uwanja wa ndege, mwalimu akihesabu, injini ikiwa imepunguzwa tu na upepo ukijulikana. Mwanafunzi hujifunza kutua bila msukumo. Kuchagua shamba, huku upepo haujulikani na nyasi zikionekana fupi kutoka juu, ni ujuzi mwingine ambao hajaujaribu.

Mapendekezo ya usalama kwenye ripoti ya namna hii yangekwenda pande mbili. Kwa mtengenezaji: mfumo wa kuipasha kabureta joto, au maelekezo yaliyo wazi zaidi ya lini uwashwe. Kwa wanaosimamia mafunzo: mazoezi ya kuchagua mahali pa kutua nje ya uwanja, na kusoma upepo tangu mwanzo wa safari badala ya kuusubiri ukimya. Chini ya Kiambatisho cha 13, nchi inayopelekewa mapendekezo ina siku 90 za kujibu imechukua hatua gani au inafikiria kuchukua ipi, na kama haitachukua yoyote, iseme kwa nini.